Ubavu wa Kulia wa Boti ya Zahanati

Vijana wangu wa karakana, juzi niliwasikia mkibishana pale Kibirizi juu ya ile boti ya faiba iliyoletwa kutoka Ilagala. Mmoja anataka ipakwe rangi, mwingine anataka jelikoti, ile ngozi ngumu inayong'aa juu ya faiba, na wa tatu alishatoa simu akawa anatafuta jibu humo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameigusa boti yenyewe. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi langu, kiuno kinanisumbua, nikanyamaza. Sikunyamaza kwa hekima. Swali hilo limenigharimu kuliko mnavyodhani, na nilijua nikifungua mdomo nitasema yote. Sasa nimeomba daftari la mjukuu wangu nimeyaandika. Someni kwa zamu, na msilimwagie tina ya kuyeyushia rangi.

Nianze na kazi, maana najua wengine mtaishia hapo. Kabla ya kuuliza rangi au jelikoti, iulize boti. Pitisha kiganja ubavuni ikiwa kavu. Kikitoka cheupe kama umeshika unga wa muhogo, hiyo ni jelikoti ya kiwandani iliyochoshwa na jua, na pengine haihitaji zaidi ya msasa wa maji na polishi. Kisha gonga kwa sarafu kuanzia mbele mpaka nyuma. Panapolia vikali ni pazima. Panapojibu kwa sauti iliyofifia, tabaka za ndani zimeachana, na hapo habari ya kupaka isitajwe kabla hujakata na kujenga upya. Halafu bandika kipande cha nailoni ubavuni, ukizibe pande zote, ukiache mpaka kesho. Ukikuta matone kwa ndani, boti bado ina maji mwilini. Maji ya ziwa letu yanapenya faiba na kuivimbisha malengelenge, kwa hiyo iache ikauke, wiki nne, wiki nane. Mwenye boti atakasirika. Mwacheni akasirike.

Ukishayajua hayo ndipo uchague. Rangi inakubali kukaa juu ya jelikoti iliyosuguliwa vizuri, lakini jelikoti haikubali kukaa juu ya rangi, kwa hiyo boti iliyowahi kupakwa rangi ama uikwangue yote au uendelee na rangi. Jelikoti ni nene, inajaza mikwaruzo, na ukiitunza inakaa miaka mingi, ila kuisugua mpaka ing'ae kunavunja mabega. Rangi ni nyembamba, inaficha viraka vyote, inapendeza siku hiyohiyo, ila baada ya miaka michache utaitwa tena.

Haya nayajua leo. Enzi ninazotaka kuwasimulia nilijua rangi peke yake, na niliijua hasa. Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Issa wa Ujiji, ambaye wiki ya kwanza alinipa brashi na ndoo ya maji, akaniambia nipake ukuta wa nyumba yake. Nilipaka maji wiki nzima. Kila mpako ulikauka kabla sijafika mwisho wa ukuta, na majirani walikuwa wanapita wanauliza kama nimerogwa. Lakini siku ya saba nilikuwa naona mwenyewe mahali brashi yangu iliposimama na mahali iliporudi, na mpaka leo hamtakuta alama ya brashi kwenye kazi yangu. Mstari wa maji wa boti niliuchora kwa mkono mtupu, bila kubandika karatasi. Watu walikuwa wanakuja kutazama. Nasema haya mjue nilikuwa nimekaa juu wapi, ndipo mtaelewa jinsi nilivyoanguka.

Karakana wakati huo ilikuwa ya Mama Tabu, mjane aliyerithi banda la mabati kutoka kwa mumewe na kuliendesha vizuri kuliko marehemu. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Watu walikuwa wanavuka ziwa wakikimbia vita na kuteremka ufukweni kwa mamia, wengine na magodoro, wengine na mtoto tu mgongoni, kisha wanapelekwa makambini huko juu. Wachache walipewa vibali vya muda kufanya kazi mjini kama walikuwa na ufundi unaohitajika. Mmoja wao aliletwa kwetu. Jina lake Melkiori, mwembamba, mpole, fundi wa boti kutoka Bujumbura, na alikuwa anajua jelikoti.

Siku ya kwanza alipoingia bandani alikwenda moja kwa moja kwenye boti ya zahanati. Mnaijua, ni ile inayobeba wagonjwa na wajawazito kutoka vijiji vya kusini. Ilikuwa imechakaa kweli, jelikoti imeliwa mpaka nyuzi za faiba zinaonekana, na ilikuwa inangoja ukarabati. Melkiori aliigusa mahali penye kovu karibu na usukani, akaacha mkono pale. Tulipomuuliza alisema boti hiyo ndiyo iliyomchukua mkewe ufukweni akiwa na uchungu, wiki waliyovuka, na mtoto akazaliwa salama Kigoma. Wote bandani walimwonea huruma. Mimi nilimwonea huruma mpaka saa nne. Saa nne Mama Tabu alimuuliza, mbele yangu, kama boti ile ipakwe rangi au jelikoti.

Niliuona wivu ukiingia, sitawadanganya. Miaka kumi na moja swali hilo niliulizwa mimi, Shabani. Melkiori akapitisha kiganja, akagonga kwa sarafu, akabandika nailoni, na kesho yake akasema boti haijawahi kupakwa rangi, mwili wake mzima, basi irudishiwe jelikoti. Nami ningejibu rangi, kwa sababu sikuwa na jibu lingine. Mama Tabu akatikisa kichwa kukubali, akaagiza makopo.

Nyumbani mke wangu alinistahimili sana siku zile. Nikila, namsema Melkiori. Nikivua viatu, namsema Melkiori. Nilisema anaringa, na hakuwa anaringa. Nilisema anajipendekeza kwa Mama Tabu, naye alikuwa haongei naye zaidi ya salamu. Kilichoniuma hasa ni kwamba hata mimi nilipenda kuitazama kazi yake. Anasugua kwa mzunguko mdogomdogo, anapuliza vumbi, anainama anatazama mwanga ubavuni kama mtu anayesoma. Wateja wangu wakaanza kusimama upande wake. Kulikuwa na desturi bandani kwetu kwamba boti ikishushwa, fundi aliyeimaliza hukaa mbele kabisa safari ya kwanza, na watu ufukweni humpigia vigelegele. Nafasi ile niliizoea. Nilipomfikiria Melkiori amekaa pale, nilikuwa naisukuma sahani pembeni.

Mama Tabu aliniambia nifanye naye kazi, nijifunze. Nilijibu kwamba nina boti mbili za rangi zinaningoja. Kwa hiyo siku zote tatu alizoupaka ubavu wa kushoto, nilijifanya nina shughuli nje. Lakini siku ya mwisho uvumilivu ulinishinda, nikasimama nyuma ya banda, palipo na tundu kwenye bati, nikachungulia.

Nilimwona akichukua mshumaa mweupe wa kawaida, akaukwangua kwa kisu, akauyeyusha kwenye kikopo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, mbali na jiko. Akachanganya na dawa ya kulainishia jelikoti, akaimimina ndani ya kopo kubwa. Kisha akatia hadina, ile dawa ya kugandisha, kwa kuhesabu matone, akapaka. Kesho yake asubuhi niligusa ubavu ule kabla hajafika. Ulikuwa mkavu, mgumu kama sahani. Mnajua jelikoti ilivyo, ikikutana na hewa inabaki inanatanata juu, hata ungengoja mwezi. Nikasema moyoni, kumbe siri ni mshumaa. Nilitembea siku nzima nikitabasamu peke yangu.

Ubavu wa kulia ulikuwa bado. Ndipo kibali cha Melkiori kilipofikia mwisho, na bwana mmoja afisa akaja bandani na karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Mama Tabu akiomba kibali kiongezwe, akaeleza kwamba inawezekana, ila lazima fundi mwenyeji athibitishe kwa maandishi kwamba kazi ile hakuna mwananchi hapa anayeiweza. Akanigeukia.

"Mzee Shabani, wewe ndiye fundi mkubwa hapa. Kazi hii ya jelikoti unaiweza au huiwezi?"

Melkiori alikuwa anasugua nyuma yetu. Niliusikia msasa wake ukisimama. Mama Tabu alinitazama kwa macho ya kunisihi, maana alijua vizuri kwamba siiwezi. Ningesema neno moja, Melkiori angebaki na mkewe na mtoto kwenye chumba walichopanga mtaa wa Mwanga hapa mjini, na boti ingekamilika.

"Naiweza," nikasema.

Nikaandika hivyo kwenye karatasi yake, nikasaini. Mwandiko wangu ni mzuri kwa sababu ya kazi ya kuandika majina ya boti, na siku ile niliandika vizuri zaidi. Melkiori aliosha mikono, akakunja vitambaa vyake vya kung'arishia, akaja kuniaga kwa mikono miwili kama tunavyoagana na wakubwa. Kesho yake gari liliwapeleka kambini.

Sasa sikilizeni kosa, maana ndilo somo lenyewe. Nilisugua ubavu wa kulia vizuri. Nikanunua mishumaa. Nikachanganya kama nilivyoona, nikapaka mpako wa kwanza, ukakauka ukawa mgumu kama sahani. Nikapaka wa pili wenye mshumaa, ukakauka. Nikapaka wa tatu. Nilimwita Mama Tabu atazame, akatazama, akasema haya, hongera. Hakutabasamu, lakini mimi nilitabasamu kwa niaba ya wote wawili. Nikaanza kusugua ili ing'ae, na kabla ya adhuhuri kipande cha ukubwa wa kiganja kikabanduka mkononi mwangu. Nikavuta, kikafuata kingine. Mpako wa tatu ulikuwa unaachana na wa pili, na wa pili na wa kwanza, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Kufikia jioni ya siku ya pili ubavu mzima ulikuwa chini, sakafuni, vipande vipande.

Ujumbe ukaja kutoka zahanati kuuliza boti itarudi lini. Wajawazito wa vijiji vya kusini walikuwa wanaletwa kwa mitumbwi ya kupiga kasia. Mama Tabu hakunifokea. Aliokota kipande kimoja, akakiweka mezani mbele yangu, akasema, "Shabani, unajua pa kwenda."

Nilikwenda kwa lori la mihogo, nikapita Simbo, nikafika kambini mchana na kipande kile mfukoni kimefungwa kwenye leso. Njia nzima nilikuwa natunga uongo. Nitamwambia Mama Tabu amenituma. Nitamwambia hadina ilikuwa mbovu. Nilimkuta mbele ya kibanda chao cha udongo akipaka mlango wa jirani rangi ya bluu, na, msinicheke, kitu cha kwanza nilichoona ni alama za brashi. Nyingi. Alikuwa anarudisha brashi kinyume. Nilifurahi. Nimefunga safari nzima kuomba msaada kwa mtu niliyemfukuza, na bado nilifurahi kwamba kuna kitu hajui.

Mkewe alinikaribisha kiti pekee kilichokuwepo. Mtoto alikuwa ameanza kukaa. Waliniwekea ugali na dagaa, na nilikula huku nimeinamisha uso. Baada ya kunawa nikatoa leso. Melkiori akakichukua kile kipande, akakipindua, akapitisha ukucha upande wa ndani, akanusa.

"Mshumaa ulitia kwenye mipako yote," akasema.

"Yote mitatu."

"Oya, kaka, hapana. Ule ni wa mwisho tu." Akanieleza polepole, kama mtu asiye na haraka. Nta inapanda juu na kuifunika jelikoti hewa isiiguse, ndiyo maana inakauka. Lakini nta hiyohiyo haikubali kitu kingine kuishika. Mipako ya chini unaipaka bila mshumaa, unaiacha inanatanata, na ule unato ndio unaoushika mpako unaofuata. Mshumaa unakuja mwisho, kufunga kazi. "Siku mbili za kwanza hukuwepo," akasema. "Uliona siku ya tatu peke yake."

Nilishtuka. Nikamuuliza alijuaje kwamba niliona.

"Tundu la bati lilikuwa linaingiza jua mezani kwangu. Siku hiyo jua halikuingia."

Alijua, na hakuhamisha kopo, wala hakunigeuzia mgongo. Nikaona bora nikiri. Nikaanza kusema, "Ile siku ya afisa, mimi..."

"Yule afisa alinisomea karatasi," Melkiori akasema. "Jina lako limeandikwa vizuri sana." Akakifunga kipande kwenye leso, akanirudishia. "Boti ile imalizike. Mke wangu bado anaiulizia."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Nilipoaga nilichukua brashi yake, nikamwonyesha jinsi ya kumalizia kwa ncha, kutoka penye ukavu kurudi penye majimaji, mara moja tu, bila kurudiarudia. Alijaribu mara ya pili akapata. Mzee Issa alinitesa wiki nzima kwa jambo lile. Roho iliniuma tena, papo hapo, mlangoni kwake, baada ya dagaa zake.

Sasa fikirini nilivyokuwa kwenye lori la kurudi. Siri ninayo, kamili. Nikifika nasugua upya, napaka mipako miwili bila mshumaa, wa tatu kwa mshumaa, ubavu wa kulia unalingana na wa kushoto, nakaa mbele siku ya kushusha, na hakuna atakayemkumbuka Melkiori baada ya mwaka. Mambo yote niliyoyataka yalikuwa mfukoni mwangu pamoja na leso. Nililitafakari hilo kutoka kambini mpaka Simbo, na nawaambia kweli kwamba lilinipendeza.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa yule afisa kabla ya kwenda bandani. Nikamwomba karatasi nyingine. Akaniuliza ya nini, nikamwambia nilidanganya, kazi ile siiwezi, na anayeiweza yuko kambini. Akauliza kama najua aibu ya kuandika hivyo, mtu wa umri wangu. Nikaandika.

Barua ilichukua wiki zake kupita meza kwa meza. Kila Ijumaa nilikwenda kuulizia. Watu wa zahanati nao wakaanza kuja wenyewe, na wiki moja mama mmoja wa kusini aliletwa kwa mtumbwi akiwa amechoka sana, akaponea chupuchupu. Mama Tabu akaniambia hatuwezi kungoja zaidi, na kwa kuwa nimeshajua mchanganyo, nimalizie jelikoti. Nikakataa. Nimekwisha kuandika kwa mkono wangu kwamba siiwezi, nikamwambia, na nikiipaka leo barua ile inakuwa uongo wa pili, tena kazi hiyo wataitumia kumzuia huko alipo. Nikayakwangua mabaki yote, nikafuta nta mpaka kitambaa kikatoka kikavu, nikaupaka ubavu wa kulia rangi nyeupe, praima na mipako miwili, kwa brashi. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Siku ya kushusha nilikataa kukaa mbele. Alikaa mwanamke mmoja muuguzi.

Jibu la barua lilikuja baadaye, zuri, limepigwa mhuri. Kibali kimetolewa. Nililipeleka kambini mwenyewe, nikakuta kibanda kina watu wengine. Jirani aliniambia familia ile imesharudi kwao, waliandikishwa na kuondoka na msafara wa mabasi, mwezi uliopita. Ule mlango wa bluu ulikuwepo bado. Nusu ya juu ina alama za brashi, nusu ya chini haina. Tangu hapo sijapata habari zake, na sijui kama anapaka boti au la.

Basi mkiuliza rangi au jelikoti, nendeni mkaitazame boti ya zahanati, maana yote mawili yapo mwilini mwake. Ubavu wa kulia nimeurudia mara nyingi, na ninyi mtaurudia nikishaondoka. Wa kushoto unataka polishi tu. Na mkiwa na wivu na mtu anayejua kitu, nao mtakuwa nao, simameni karibu naye tangu siku ya kwanza, mwoneni yote.

Boti ile ikiondoka Kibirizi kwenda kusini kuchukua wagonjwa, ubavu wa kushoto ndio unaoelekea nchi kavu. Ikirudi nao, unaonekana wa kulia. Mmewahi kunitania kwamba Mzee Shabani siku hizi anafika ufukweni boti ikiwa inarudi tu, wakati wa kuondoka hayupo. Nachelewa makusudi. Jua la asubuhi likiupiga ule ubavu wa Melkiori unang'aa mpaka mbali sana, na mimi bado siwezi kuutazama.